Niliipata 175 kwa Hila

Nilighushi namba. Sikuiba pesa wala sikununua cheti. Niliisogeza namba moja ndani ya programu ya kompyuta, kwa kiasi cha 0.08 hivi, ili hesabu ya tasnifu yangu ya uzamili itoke kama wakubwa wa fani walivyosema itoke. Ikatoka. Nikapewa alama nzuri, nikapigwa picha nimevaa joho. Jedwali lililozaliwa na hila ile likaendelea kutumiwa na watu walioniamini, nami nikalinyamazia kwa miaka, hadi mwanafunzi wangu aliponiuliza swali ambalo nililijibu kwa uongo wa pili.

Ili kosa lenyewe lieleweke, sina budi kueleza fizikia kidogo.

Ziko nyota zinazoitwa vibete vyeupe. Ni mabaki ya nyota za kawaida zilizomaliza fueli yake. Jua letu nalo litaishia huko. Kibete cha kawaida kina masi inayozidi kidogo nusu ya masi ya Jua, imebanwa ndani ya umbo lenye ukubwa wa Dunia, na katika tumbo lake sentimita moja ya ujazo hufikisha uzito wa tani moja na kupita. Katika mbano huo atomu huvuliwa elektroni zote. Zinabaki ioni za kaboni na oksijeni, zenye chaji chanya, zimezama katika elektroni zilizotandaa karibu sawasawa kila mahali. Hiyo ni plazma. Wengi tumezoea kuidhania plazma kuwa kitu cha moto kinachorukaruka ovyo, na mara nyingi ndivyo ilivyo. Lakini ioni hizi husukumana, na joto likishuka vya kutosha kila moja hujitafutia mahali palipo mbali na wenzake wote, ikatulia hapo ikitetemeka. Plazma imeganda. Imekuwa fuwele, ioni zimejipanga safu kwa safu kama chembe za chumvi zinavyojipanga, ingawa hapa hakuna kifungo cha kikemia hata kimoja; kinachozishikilia ni kuchukiana kwao tu.

Kipimo cha mambo haya ni namba moja inayoitwa gama. Unachukua nishati ya ioni mbili jirani kusukumana, unaigawanya kwa kT, yaani kiasi cha nishati ambacho joto huigawia kila ioni. Gama ikiwa chini ya 1, joto linatawala. Ikifika karibu 175, fuwele inazaliwa. Kwa kaboni yenye uzito wa tani moja kwa sentimita ya ujazo, hiyo ni kelvini milioni 2 hivi.

Namba hiyo 175 ina historia ya kuhangaika. Wazo la kuganda kwa nyota lilitolewa na Kirzhnits na Abrikosov kule Urusi na Salpeter kule Marekani, kati ya 1960 na 1961. Mwaka 1966 Brush, Sahlin na Teller walitumia kompyuta kuigiza plazma yenye chembe 32 hadi 500, wakapata kwamba inaganda gama ikiwa karibu 125. Mwaka 1973 Pollock na Hansen wakasema 155. Mwaka 1980 Slattery, Doolen na DeWitt wakasema 168, na miaka miwili baadaye watu wale wale wakajisahihisha: 178. Mwaka 1990 Dubin akapata 172. Potekhin na Chabrier mwaka 2000 wakaja na 175, na hapo ndipo wengi wetu tumetulia. Mimi nilipoanza tasnifu yangu namba ya 175 ilikuwa tayari imekaa vitabuni, nami niliisoma kabla sijaandika hata mstari mmoja wa programu. Hapo ndipo mtego wangu ulipotegwa, ingawa mwenyewe niliuona kama msaada.

Kwa nini watu wenye akili na kompyuta nzuri wahangaike hivyo kwa namba moja? Sababu ni kwamba nukta ya kuganda haipimwi moja kwa moja. Unahesabu nishati huru ya kimiminika, unahesabu nishati huru ya fuwele, kisha unatazama ni wapi mistari miwili inakatana. Upande wenye nishati huru ndogo ndio unaoshinda. Tatizo ni kwamba mistari hii inakatana kwa pembe nyembamba mno. Gama ikiongezeka kwa 1, tofauti kati yao hubadilika kwa takriban 0.0043 kT tu kwa kila ioni. Kwa hiyo ukikosea nishati huru ya upande mmoja kwa 0.01 kT, kitu ambacho macho hayakioni kwenye mchoro, umekwisha kuisogeza nukta ya kuganda kwa zaidi ya gama 2.

Sasa niingie penyewe.

Njia rahisi ya kuihesabu fuwele ni kuchukulia kwamba kila ioni imefungwa mahali pake kwa springi kamilifu: ukiivuta mara mbili, nayo inarudisha kwa nguvu mara mbili. Hii inaitwa hali ya hamoniki. Hesabu yake ni tamu. Mitetemo yote inatengana, kila mmoja unajitegemea, na nishati ya joto ya kila ioni inatoka 3kT kamili. Unaweza kuiandika nyuma ya bahasha. Lakini msukumano wa Coulomb si springi. Ioni ikisogea mbali na kituo chake, nguvu ya kuirudisha haifuati tena uwiano ule, na mtetemo mmoja huanza kuuingilia mwingine. Fuwele inapokaribia kuyeyuka, kila ioni hutangatanga kwa wastani karibu asilimia 15 ya umbali wa kumfikia jirani yake. Huo si mtetemo mdogo. Ziada inayotokana na hali hiyo, ile ambayo hesabu ya springi haiijui, ndiyo sehemu isiyo ya hamoniki.

Nilikuwa na namba zake. Farouki na Hamaguchi walizitoa mwaka 1993 kutokana na uigaji wa kompyuta: 10.9 ikigawanywa kwa gama, jumlisha 247 ikigawanywa kwa gama mraba, jumlisha 176,500 ikigawanywa kwa gama mchemraba. Weka gama 175, utapata takriban 0.10 kT kwa kila ioni. Nilizisoma, nikapiga hesabu pembeni ya daftari, nikaona 0.10 juu ya 3, kama asilimia 3 na kitu. Tena nilijipa moyo zaidi: nishati ya fuwele inayotokana na msukumano peke yake ni karibu kT 157 chini ya sifuri. Sehemu moja ya kumi juu ya 157! Nikaandika katika tasnifu kwamba sehemu isiyo ya hamoniki ni ndogo mno na inaweza kuachwa. Sentensi hiyo ipo mpaka leo, ukurasa wa kushoto, na msimamizi wangu hakuiwekea alama.

Hilo lilikuwa kosa la ujinga, na kama ningeishia hapo nisingekuwa na maungamo, ningekuwa na masahihisho tu. Niliilinganisha ziada ile na vitu ambavyo haishindani navyo. Kwenye nukta ya kuganda kimiminika na fuwele vimekaa kama magunia mawili ya mchele kwenye mizani, uzito sawa kabisa pande zote. Hapo kiganja kimoja cha mchele ndicho kinachoamua, na haisaidii kitu kusema kwamba kiganja ni kidogo kuliko gunia. Ziada ya nishati ni 0.10 kT, ukiigeuza kuwa nishati huru inakuwa karibu 0.077, tena kwa alama ya kutoa, maana inaishusha fuwele na kuifanya itulie zaidi. Gawanya 0.077 hiyo kwa ule mwachano mwembamba wa mistari, na utaona kinachotokea ukiiacha: nukta ya kuganda inaruka kutoka 175 hadi karibu 190.

Na ndivyo ilivyoniruka. Programu yangu iliniletea 190 na ushei. Usiku ule sikujiuliza ni kitu gani nimekiacha, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kujiridhisha kwamba nilichokiacha ni kidogo. Nikaanza kutafuta mchawi upande wa kimiminika.

Nishati huru ya kimiminika huhesabiwa kwa kuanzia mahali panapojulikana vizuri, gama ikiwa 1, kisha kupanda hatua kwa hatua ukijumlisha nishati. Ile thamani ya kuanzia ni karibu −0.44. Niliitazama, nikajiambia kwamba na yenyewe ni makadirio ya watu, huenda ina kasoro. Nikaipandisha kwa 0.08. Mistari ikakatana kwenye 175, safi kabisa. Sikuwa na sababu yoyote ya kifizikia ya kuipandisha. Kasoro ya kweli ya thamani ile haikaribii 0.08 hata kwa mbali. Imehakikiwa na watu wengi kwa njia zinazotofautiana. Nilijua hivyo. Katika tasnifu niliandika kwamba thamani ya kuanzia “ilirekebishwa kulingana na matokeo yaliyopo”, maneno ambayo hayasemi uongo wala ukweli. Sijui kama wako wengine walioandika maneno kama hayo, lakini nikiyaona siku hizi kwenye kazi ya mwanafunzi, ninaomba kuiona programu yenyewe.

Ukighushi mahali pamoja katika sayansi ya joto, namba zinakusaliti mahali pengine, kwa sababu zote zimeunganishwa. Thamani ile ya kuanzia inabadilisha nishati huru, ila nishati yenyewe haiigusi hata kidogo. Kwa hiyo nukta yangu ya kuganda ilionekana sahihi, lakini nishati ya fuwele bado ilikuwa imepungukiwa ile 0.10 niliyoitupa. Tofauti ya nishati kati ya kimiminika na fuwele ndiyo joto fiche, lile joto linalotolewa plazma inapoganda. Linatakiwa liwe karibu 0.76 kT kwa kila ioni. Langu likatoka 0.86. Nililiona? Nililiona. Nikaliweka kwenye safu ya mwisho ya jedwali, kwa herufi ndogo.

Kulikuwa na kitu kingine kilichonificha, na hiki naona aibu kukisema kwa sababu kwa muda kilinifanya nijione mjanja. Kiasi cha joto kinachohitajika kuipandisha fuwele digrii moja, kwa hesabu ya springi bila kujali nadharia ya kwanta, ni 3 kwa kila ioni. Sehemu isiyo ya hamoniki inaongeza karibu asilimia 9 pale kwenye nukta ya kuyeyuka, kwa maana ziada hiyo hukua upesi kadiri joto linavyopanda. Lakini kwa kaboni katika msongamano ule, kwanta nayo inapunguza takriban asilimia 10, kwa kuwa mitetemo mikali zaidi inaanza kufa ganzi kabla joto halijashuka sana. Nilikuwa nimeziacha zote mbili. Kasoro zikafutana, nikabaki na 3 iliyokaribiana na kazi za watu makini. Msomaji wa nje wa tasnifu aliusifu ukaribu huo. Mimi nikashukuru. Fuwele ikiendelea kupoa mwafaka huo unavunjika upesi, maana ziada isiyo ya hamoniki inafifia huku kwanta ikizidi kubana, lakini jedwali langu halikufika mbali huko.

Miaka ilipita. Nikaanza kufundisha. Kijana mmoja, hodari, mwenye tabia ya kuuliza polepole, akaja ofisini na kazi yake ya kukadiria vibete vyeupe vinavyopoa. Alikuwa ametumia jedwali langu. Mimi mwenyewe ndiye niliyempa. Akaniambia, “Shikamoo, Mwalimu. Hili joto fiche mbona kubwa? Kila ninaposoma naona 0.76 hivi, sisi tuna 0.86.”

Nikamjibu, “Hizo ni tofauti za makadirio tu, mwanangu. Endelea.”

Akaendelea. Katika kazi yake akaandika chini ya jedwali kwamba tofauti hiyo inatokana na makadirio. Ukweli ambao mwanafunzi aliuona kwa macho yake niliufuta kwa cheo changu, naye akaweka jina lake juu ya uongo wangu. Kughushi kwa mwanzo nilikufanya nikiwa kijana, naogopa kufeli. Jibu lile nililitoa nikiwa mtu mzima mwenye ofisi na kiti, na hakuna mtu aliyekuwa akinitisha. Ndiyo maana nasema la pili ni baya kuliko la kwanza, na sitaki mtu anitetee katika hilo.

Kuna watakaosema: haya, nyota iko mbali, namba imekosewa, nani ameumia? Nami nilijisemea hivyo. Basi tazama namba zinavyokwenda. Mestel alionyesha mwaka 1952 kwamba mwanga wa kibete cheupe unafuata joto la ndani kwa kipeo cha 3.5, na umri wake wa kupoa unafuata joto hilo kwa kipeo cha −2.5. Kama ningeiacha programu iseme 190 bila kuighushi, joto la kuganda lingeshuka kwa asilimia 8 hivi. Mwanga wa nyota wakati wa kuganda ungepungua kwa karibu robo, na umri wake siku hiyo ungeongezeka kwa kadiri iyo hiyo. Haya yote kutokana na ziada ya asilimia 3. Kwa nyota ambayo wanafalaki huitumia kama saa ya kupimia umri wa sehemu yetu ya galaksi, robo si kitu cha kupuuza.

Nami kwa kughushi niliiponya nukta ya kuganda nikaliharibu joto fiche, kumbe joto fiche ndilo lililokuwa likitafutwa mbinguni. Van Horn alitabiri mwaka 1968 kwamba joto hilo litachelewesha kupoa kwa vibete vyeupe, vikalundikana katika ngazi fulani ya mwanga. Ilibidi kungoja nusu karne. Data za setilaiti ya Gaia zilizotolewa mwaka 2018 ziliwawezesha Tremblay na wenzake kutazama vibete vyeupe vipatavyo 15,000 vilivyo ndani ya miaka 330 ya nuru kutoka kwetu, na mwaka 2019 wakatangaza katika jarida la Nature kwamba lundo lile lipo. Wakasema zaidi: joto fiche peke yake halitoshi kulieleza; inahitajika pia nishati inayotolewa oksijeni inapozama na kuiacha kaboni juu. Sasa fikiria mtu analinganisha lundo hilo na jedwali lenye joto fiche lililokuzwa kwa zaidi ya sehemu moja ya nane. Atadhani joto fiche limebeba mzigo ambao kwa kweli umebebwa na oksijeni. Atapunguza oksijeni, na atakuwa na hakika, kwa sababu ana jedwali lililopitishwa na chuo.

Niliposoma matokeo yale nilikaa na daftari langu la zamani, nikairudisha thamani ya kuanzia mahali pake, nikaongeza zile namba tatu za Farouki na Hamaguchi, nikaendesha programu. Mistari minne tu ya kuandika. Ikatoa 175 bila kusukumwa, na joto fiche 0.76. Kazi yote niliyoikwepa ilikuwa hiyo.

Nilimpigia simu yule kijana, ambaye siku hizi naye anafundisha. Nilimweleza kila kitu, pamoja na lile jibu la ofisini. Hakunilaumu wala hakuniambia yamekwisha. Aliuliza, “Mwalimu, ni mstari wa ngapi?” Nikamtajia. Akasema atahesabu upya na ataandika masahihisho kwa jina lake, na akaniomba na mimi niandike yangu. Nimekwisha kukiandikia chuo nilikosomea kuwapa taarifa. Kama wataichukua shahada au wataiacha, hilo ni lao kuamua na sitabishana nao.

Kwa hiyo, yeyote mwenye nakala ya jedwali langu aliweke kando. Thamani ya kimiminika kwenye gama 1 irudi karibu −0.44. Nishati ya fuwele iongezwe sehemu isiyo ya hamoniki, karibu 0.10 kT pale inapoyeyuka, na nishati huru ipunguzwe karibu 0.077. Joto fiche ni 0.76, si 0.86. Na kama uliwahi kuniuliza kuhusu tofauti hiyo nikakujibu kwamba ni makadirio, ulikuwa na haki ya kuuliza, na nilikudanganya.